Ufugaji wa Wadudu wa Chakula: Nyenje, Kinyonga na Vyura wa Kihansi

Mwishoni mwa mwaka 2000, vyura wadogo 499 walichukuliwa kutoka korongo la mto Kihansi, katika milima ya Udzungwa, wakasafirishwa kwa ndege hadi Marekani. Vyura hao, ambao jina lao la kisayansi ni Nectophrynoides asperginis, walikuwa wamegunduliwa mwaka 1996 tu, nao hawakupata kuonekana mahali pengine popote duniani isipokuwa katika eneo dogo la hekta chache lililokuwa likirushiwa manyunyu ya maporomoko ya mto huo. Mtambo wa umeme wa Kihansi ulipoanza kutumia maji hayo, manyunyu yalipungua mno, ikaonekana ni busara kuwaweka baadhi ya vyura mahali pa salama. Busara hiyo ilithibitika upesi. Mwaka 2003 vyura waliobaki korongoni walitoweka karibu wote katika muda wa miezi michache, na mwaka 2009 spishi hiyo ikatangazwa kuwa imekwisha katika mazingira yake ya asili. Kwa hiyo uhai wa spishi nzima ukawa umo ndani ya masanduku ya kioo.

Wanaosimuliwa habari hizi kwa kawaida huuliza juu ya manyunyu na joto. Ni wachache waulizao swali lililo la kwanza kwa kiumbe chochote: vyura hao walikula nini? Chura mzima wa Kihansi hana urefu wa kufikia sentimita 3. Hatagi mayai, bali huzaa watoto walio hai, na kila mtoto ana urefu wa milimita 5 hivi. Mtoto wa kadiri hiyo hawezi kumeza panzi, wala hata nzi wa nyumbani. Aidha, hali mkate wala nyama iliyokatwakatwa, kwani jicho lake hutambua chakula kwa mwendo wake. Sharti apewe mdudu aliye hai, mdogo sana, tena kila siku. Mdudu huyo hapatikani dukani. Lazima mtu amfuge.

Hili ndilo jambo tunalotaka kulieleza katika makala haya. Mtu anayefuga mnyama mla-wadudu, awe chura, kinyonga au mjusi, kwa hakika anafuga mifugo miwili. Mfugo wa kwanza ni yule anayetazamwa na wageni. Wa pili ni mdudu aliwaye, naye ndiye mwenye kuamua kama wa kwanza ataishi au atakufa.

Kwa nini nyenje?

Miongoni mwa wadudu wa chakula, nyenje ndiye atumikaye zaidi. Spishi mbili ni mashuhuri: nyenje wa nyumbani, Acheta domesticus, mwenye rangi ya kahawia isiyokolea, na nyenje mweusi, Gryllus bimaculatus, mwenye madoa mawili ya manjano penye mashina ya mabawa. Huyu wa pili ni mwenyeji wa Afrika, nasi humsikia akilia usiku mashambani. Elimu ya wadudu hawa haijakamilika. Mwaka 2018 nyenje mmoja aliyekuwa akifugwa nchini Kenya alitambuliwa kuwa ni spishi iliyokuwa haijapata kuelezwa na sayansi, akapewa jina la Scapsipedus icipe.

Nyenje anafaa kwa sababu ya maisha yake. Msomaji atakumbuka kwamba kipepeo na nzi hupita hatua nne: yai, lava, pupa na mdudu kamili. Nyenje hupita hatua tatu tu. Kutoka yaini hutoka mtoto anayefanana na mzazi wake kwa umbo, ila hana mabawa. Kila anapokua hujivua gamba la nje, na katika kujivua kwa mwisho hupata mabawa. Kwa sababu hiyo, katika chombo kimoja mfugaji anaweza kupata nyenje wa kila kimo, kuanzia wale wa milimita 2 hadi wale wa sentimita 2 na zaidi, akawachagulia wanyama wake kadiri ya vinywa vyao. Kanuni ya wafugaji wengi ni kwamba mdudu asiwe mkubwa kuliko nafasi iliyopo kati ya macho mawili ya mnyama atakayemla.

Chombo, joto, maji na mayai

Ufugaji wenyewe hauhitaji vifaa vya gharama. Ndoo kubwa au beseni refu la plastiki lenye kuta laini linatosha, kwa kuwa nyenje hawawezi kupanda ukuta ulio laini. Kifuniko kitobolewe tundu pana, na tundu hilo lifungwe kwa wavu wa waya. Chandarua hakifai, kwa maana nyenje watakitafuna. Ndani ya chombo zipangwe trei za mayai za karatasi zikiwa zimesimama wima. Trei hizi huongeza eneo la kukaa, na kinyesi huanguka chini badala ya kuchafua chakula.

Joto ndilo linalotawala mwendo wa kila kitu. Mdudu hana uwezo wa kutengeneza joto lake kama sisi. Jotoridi la mwili wake hufuata lile la hewa iliyomzunguka, na kasi ya kemia ya mwili wake hufuata jotoridi hilo. Katika nyuzi 30 za Sentigredi mayai huanguliwa baada ya siku 10 hadi 14, na watoto hukomaa katika majuma 6 hadi 8. Mahali penye baridi muda huo huongezeka sana, na baridi ikizidi mayai hayaanguliwi kabisa. Mkazi wa Tanga au Dar es Salaam hana haja ya kupasha chombo chake joto kwa miezi mingi ya mwaka. Mkazi wa Njombe au Lushoto atahitaji kukiweka karibu na taa inayotoa joto, akihakikisha kwamba karatasi hazigusani na taa hiyo.

Chakula cha kila siku ni pumba za mahindi au chakula cha vifaranga, pamoja na majani ya mchicha, vipande vya karoti au maganda ya boga. Mboga zisiwe zimepuliziwa dawa ya kuua wadudu. Onyo hili laweza kuonekana kuwa dogo, lakini jani moja lenye dawa huweza kuua nyenje wa ndoo nzima kwa usiku mmoja.

Maji yanahitaji uangalifu. Nyenje wachanga huzama hata katika tone moja, na kwa hiyo maji yatiwe katika kisahani kilichojazwa pamba au sifongo, ambayo hubadilishwa kabla haijaoza. Kwa upande mwingine, chombo chenyewe kiwe kikavu. Unyevu huleta kuvu na utitiri, na harufu mbaya ya chombo ni dalili kwamba mfugaji amezembea. Nyenje waliokosa maji au protini, au waliosongamana kupita kiasi, hulana wao kwa wao, na wanaoliwa kwanza ni wale waliotoka kujivua, kwa kuwa gamba lao bado ni laini.

Dume hutambulika kwa sauti yake, ambayo huitoa kwa kusugua bawa moja juu ya jingine. Jike hutambulika kwa mrija mrefu kama sindano ulio nyuma ya tumbo, ambao huuchomeka ardhini ili kutaga. Hivyo madume na majike waliokomaa wapewe kikopo chenye mchanga mbichi, kina chake kiwe sentimita 3 au 4. Baada ya siku mbili au tatu kikopo kiondolewe, kwani majike huweza kuyafukua na kuyala mayai yao wenyewe. Kisha kitiwe katika chombo cha peke yake, na mchanga usiachwe ukauke mpaka watoto watoke.

Hesabu ya mfululizo

Kosa la wanaoanza ni kuwa na chombo kimoja. Tuchukulie kwamba mnyama wetu anakula nyenje 10 kwa siku, yaani 70 kwa juma, na kwamba nusu ya watoto waanguliwao hufa kabla ya kufikia kimo kitakiwacho. Itatubidi tupate watoto 140 kila juma. Majike 20 wenye afya wanaweza kutaga mayai hayo bila taabu. Tatizo si idadi, bali ni wakati. Mayai ya leo yatakuwa nyenje wakubwa baada ya miezi miwili hivi, hali mnyama anataka kula kesho. Kwa hiyo kikopo kipya cha mayai huwekwa kila juma, na vyombo hupangwa kwa umri. Mkulima wa mchicha anaijua kanuni hii: hapandi matuta yote siku moja, bali hupanda tuta moja baada ya jingine, ili asikose mboga wala zisimlemee.

Kushiba na kulishwa

Mtu anaweza kufanya yote tuliyoyataja, akapata nyenje wengi, na bado mnyama wake akafa. Nilipokuwa masomoni ng'ambo, katika maabara yetu alikuwamo kinyonga aliyekuwa akila vizuri kabisa. Kila asubuhi alipewa nyenje, naye hakuacha hata mmoja. Baada ya miezi kadhaa miguu yake ilianza kupinda. Kisha taya likalegea, na mwishowe akawa anamwona mdudu na kumlenga kwa macho yote mawili, lakini ulimi haufiki. Alikufa akiwa na tumbo lililojaa. Nyenje wetu tulikuwa tukiwalisha pumba tupu.

Sababu yake ni ya kikemia. Mifupa ya wanyama wenye uti wa mgongo hujengwa hasa kwa kalisi, yaani madini ya chokaa, pamoja na fosforasi. Mnyama anahitaji chakula chenye kalisi isiyopungua kiasi cha fosforasi, na afadhali ifikie mara mbili yake. Lakini mdudu hana mifupa. Kiunzi chake kiko nje, nacho kimejengwa kwa protini na dutu iitwayo kitini, wala si kwa chokaa. Katika mwili wa nyenje wa nyumbani, fosforasi ni takriban mara 7 ya kalisi. Uwiano umegeuka juu chini.

Fosforasi ikizidi hivyo, huizuia hata ile kalisi chache isifyonzwe vema katika utumbo. Kalisi ya damu hupungua. Nayo haiwezi kuachwa ipungue, kwa sababu misuli na neva haviwezi kufanya kazi bila hiyo. Hapo tezi ndogo zilizo karibu na shingo hutoa homoni inayoamuru kalisi itolewe katika mifupa. Mwili hukopa kutoka katika kiunzi chake wenyewe ili moyo uendelee kupiga, na deni hilo hulipwa kwa miguu iliyopinda na taya lililolegea.

Dawa yake ni kumlisha mdudu kabla ya kumlisha mnyama. Kwa muda wa siku mbili kabla ya kuliwa, nyenje hupewa chakula chenye kalisi nyingi, kiasi cha asilimia 8 hivi, nao huingia kinywani mwa kinyonga matumbo yao yakiwa yamejaa chakula hicho. Mwanafunzi wa kemia anaweza kukokotoa mwenyewe. Ganda la yai la kuku ni kalisi kaboneti kwa karibu asilimia 95. Katika kalisi kaboneti, CaCO₃, uzani wa molekuli ni 100 na wa kalisi ni 40. Hivyo gramu 100 za ganda zina gramu 38 hivi za kalisi. Ili kupata gramu 8 za kalisi tunahitaji gramu 21 za ganda lililochemshwa, likakaushwa na kusagwa kuwa unga laini, tulichanganye na gramu 79 za chakula cha vifaranga. Chaki ya ubaoni isitumiwe, kwa kuwa nyingi yake ni jasi, tena huenda ina vitu vingine ndani yake.

Mchanganyiko huu usiwe chakula cha kudumu, kwani kalisi nyingi kiasi hicho huwadhuru nyenje wenyewe wakiila kwa siku nyingi. Wafugaji wengi huongeza hatua ya pili: humtia mdudu katika mfuko wenye unga kidogo wa kalisi kaboneti, huutikisa, kisha humpa mnyama mara moja kabla mdudu hajajisafisha.

Kalisi pekee haitoshi, maana haifyonzwi ipasavyo bila vitamini D. Kinyonga hujitengenezea vitamini hiyo ngozini kwa msaada wa miali ya urujuanimno ya jua, yenye urefu wa wimbi wa nanomita 290 hadi 315. Kioo cha kawaida huizuia miali hiyo. Mnyama aliyewekwa nyuma ya dirisha lenye jua huona mwanga, lakini hapati kile anachokihitaji. Vilevile wadudu wafugwao huwa na upungufu wa vitamini A, ambao kwa vyura wanaofugwa huharibu ngozi ya ulimi hata ukashindwa kunata juu ya mdudu.

Si wadudu wote walio na kasoro ya kalisi. Lava wa nzi mweusi aitwaye Hermetia illucens, ambaye siku hizi hufugwa Afrika Mashariki kwa ajili ya chakula cha kuku na samaki, hujijengea gamba lenye kalisi kaboneti. Huyo ana kalisi nyingi kuliko fosforasi.

Vinywa vidogo zaidi

Turudi kwa mtoto wa chura wa milimita 5. Kwake hata nyenje aliyetoka yaini leo ni mkubwa kidogo. Vyura wa jinsi hii hulishwa kolembola, yaani wadudu wadogo mno wasio na mabawa waishio katika udongo wenye majani yaliyooza, pamoja na nzi wa matunda, Drosophila. Nzi hawa huzaliana katika chupa yenye ndizi iliyopondwa, na kizazi kimoja huchukua siku 10 hadi 12 katika nyuzi 25.

Walimu wa baiolojia watafurahia jambo moja hapa. Nzi arukaye ni chakula kigumu kukamatwa, kwa hiyo wafugaji hutumia nzi wenye mabawa yaliyodumaa. Sifa hiyo huletwa na jeni fifi. Iwapo nzi mmoja dume wa kawaida atapenya chupani akawapata majike mabikira, watoto wote watakaotokana naye watakuwa na mabawa kamili. Sheria za Mendel, ambazo mwanafunzi huziandika daftarini kwa ajili ya mtihani, hapa huamua kama chura atakula au atalala na njaa.

Hatari ya kutegemea spishi moja

Mfugaji mwangalifu hategemei mdudu mmoja. Kati ya mwaka 2009 na 2010 kirusi kinachowashambulia nyenje wa nyumbani kilienea katika mashamba ya nyenje ya Marekani na Kanada, kikaua mamilioni yao, na baadhi ya mashamba yakafilisika. Kirusi hicho hakiwadhuru vinyonga wala binadamu, lakini wanyama waliozoea kulishwa nyenje hao walikosa chakula. Inafaa kuwa na spishi mbili au tatu, na kuweka sehemu ya mbegu katika chumba kingine.

Kuhusu kukamata wanyama

Yatupasa kusema wazi kwamba makala haya hayamhimizi mwanafunzi akakamate kinyonga. Nchini Tanzania, chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009, wanyamapori hawakamatwi wala hawafugwi bila kibali. Sheria hiyo ina sababu. Katika msitu wa Kimboza, mkoani Morogoro, anaishi mjusi mdogo wa rangi ya buluu, Lygodactylus williamsi. Wafugaji wa Ulaya na kwingineko walimpenda kwa rangi yake, na wakamataji wakawa wanakata hata miti anamoishi ili kumpata. Mwaka 2016 Serikali ilipiga marufuku kusafirisha wanyamapori hai kwenda nje, na tangu mwaka 2017 biashara ya kimataifa ya mjusi huyo aliyekamatwa porini imezuiwa kwa mkataba wa mataifa. Shule inaweza kujifunza yote tuliyoyaeleza kwa kutumia nyenje peke yao, na nyenje wa ziada wakapewa kuku.

Jaribio kwa shule

Tayarisha vikopo viwili vya mchanga mbichi, na uviweke kwa siku mbili katika chombo chenye nyenje waliokomaa. Viondoe siku moja. Kimoja kiweke mahali penye joto la nyuzi 30 hivi, na kingine mahali penye baridi zaidi darasani. Andika jotoridi asubuhi na jioni, na unyevu wa mchanga uwe sawa kwa vyote viwili. Watoto wa kwanza walionekana baada ya siku ngapi katika kila kikopo? Je, idadi yao ilikuwa sawa? Eleza tofauti hizo kwa kuzingatia tuliyoyasema juu ya joto na mwili wa mdudu.

Mwaka 2010 vyura 100 wa Kihansi walirudishwa nchini kutoka Marekani, wakapokelewa katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na mwaka 2012 kazi ya kuwarejesha korongoni ikaanza. Magazeti yalieleza safari ya vyura. Lakini vyura wale walikuwa kizazi cha waliolishwa kila siku kwa muda wa miaka kumi, na asubuhi ya kwanza waliyoamka Dar es Salaam walihitaji kifungua kinywa. Ni matumaini yetu kwamba miongoni mwa wasomaji wa makala haya watapatikana watakaoifanya kazi hiyo, kwani nchi yenye viumbe wengi wasiopatikana kwingineko inawahitaji watu wajuao kuwalisha.